Kutoka Mbingu Saba hadi Walenisi: Wazo la Ulimwengu Mwingine katika Riwaya ya Kiswahili

Walenisi (1995), riwaya ya tatu ya Katama Mkangi, imezoeleka kusomwa kama waraka wa kisiasa uliovishwa vazi la safari ya angani. Usomaji huo una haki yake. Mkangi alikuwa mwanasosholojia; alitiwa kizuizini mwaka 1986, na msomaji asiyeiona Kenya ya miaka ile nyuma ya hukumu anayopewa Dzombo amefumba macho kwa makusudi. Lakini kulichukulia anga kuwa vazi tu ni kuliacha swali moja bila jibu: kwa nini angani? Ukiwa (1975) haikuhitaji kuondoka duniani. Makala hii inakusudia kulitazama swali hilo kwa kuiweka Walenisi katika historia ya namna binadamu, na Waswahili miongoni mwao, walivyoifikiria mbingu na viumbe wanaoweza kuwamo.

Tuanze na msamiati, kwani lugha hutunza fikra ambazo wenyewe wamekwisha kuzisahau. Kilimia, kundi la nyota ambalo wakulima walipimia misimu, limepata jina lake kutokana na kulima. Mbingu hapa inatazamwa kwa ajili ya jembe. Zuhura, Mirihi, Mushtari na Zohali ni majina yaliyotufikia kwa Kiarabu, pamoja na elimu ya falaki. Kisha zipo mbingu saba za tenzi za Miiraji, ambamo Mtume hupandishwa tabaka baada ya tabaka na kukutana na mitume waliomtangulia. Kwa hiyo si kweli kwamba kabla ya roketi Mswahili aliliona anga kuwa tupu. Lilikuwa limejaa. Ila wakazi wake walipangwa kwa daraja, na kwenda juu kulikuwa ni kwenda kwenye ubora zaidi.

Ulaya nayo iliishi karne nyingi chini ya mbingu za matufe, za Aristotle na Ptolemy, mpaka Copernicus alipoigeuza dunia kuwa sayari miongoni mwa sayari (1543). Giordano Bruno alichomwa moto Roma mwaka 1600, na fundisho lake la malimwengu yasiyo na idadi likiwa miongoni mwa mashtaka. Miaka 86 baadaye Fontenelle aliandika juu ya wakazi wa sayari kwa lugha ya mazungumzo ya bustanini, wala hakuchomwa. Linalotuhusu zaidi sisi ni The War of the Worlds ya H. G. Wells, iliyotoka kitabu mwaka 1898. Wakazi wa Mirihi wanaivamia Uingereza, na Wells mwenyewe anakumbusha jinsi Wazungu walivyowaangamiza watu wa Tasmania. Mwaka uliofuata reli ya Waingereza ilifika mahali palipokuja kuwa Nairobi. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa zaidi.

Kusadikika ya Shaaban Robert (1951) imehakikiwa sana kama istiara ya ukoloni, nasi hatutarudia. Tunachotaka kukionyesha ni umbo lake. Nchi inaning'inia angani, na wajumbe wake hutumwa pande sita: nne za upeo, moja ardhini na moja mbinguni. Mbingu imekuwa upande mmojawapo tu, mahali pa kupeleka mjumbe kama vile kusini au mashariki. Daraja la Miiraji limelegezwa. Hata hivyo, wima ungalipo. Chini ni chini na juu ni juu, na hakuna umbali wa kweli.

Umbali uliingia baadaye. Kati ya Kusadikika na Walenisi, Gagarin alilizunguka dunia (1961), picha za Mariner 4 zilizika ndoto ya mifereji ya Mirihi (1965), na watu walikanyaga mwezini (1969). Tarehe 12 Desemba 1970 chombo cha kwanza kilichotengwa kuchunguza miali ya eksirei ya nyota kilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Waliokirusha walikuwa Waitaliano, mwenye chombo alikuwa Marekani, na jina lake lilikuwa Uhuru, kwa heshima ya sikukuu ya Wakenya. Hatudai kwamba Mkangi, mzaliwa wa pwani hiyohiyo, alikuwa na tukio hili akilini. Lakini kinaya chake ni ndugu wa kinaya cha riwaya: Dzombo anatiwa katika chombo kilichoundwa ili kimuue angani, naye anajifunza kukiongoza. Hapa ndipo Mkangi anapomzidi kila aliyemtangulia. Kupaa si neema wala ujumbe. Ni adhabu ambayo mhukumiwa ameigeuza kuwa maarifa.

Baada ya kutua, riwaya hudhoofika. Wenyeji wa Walenisi hawana ugeni wowote wa kutushtua. Wanaishi bila unyonyaji, na wanaeleza jambo hilo kwa urefu unaomchosha hata msomaji mwenye huruma. Mazungumzo yanageuka mihadhara. Wale ni sisi, jina linatuambia. Basi mtu atauliza, tulisafiria nini?

Jibu, kwa maoni yetu, husomeka vizuri zaidi Kariokor kuliko maktabani. Mtaa huu wa Nairobi, kama Kariakoo ya Dar es Salaam, umebeba jina la Carrier Corps, kikosi cha wachukuzi Waafrika wa Vita vya Kwanza vya Dunia, waliokufa kwa maelfu mengi chini ya mizigo ya watu wengine. Sanamu ya askari iliyosimamishwa katikati ya jiji inawakumbuka wachukuzi kwa jumla, bila jina la hata mmoja. Katika Nairobi ya kikoloni, mkazi wa Kariokor na mkazi wa Muthaiga walikiona Kilimia kilekile, lakini sheria na kipande viliwaweka katika malimwengu mawili. Kwa aliyerithi mji huo, swali si kama kuna watu kwingineko, bali ni nani anayehesabiwa kuwa mtu. Mkangi alikataa kuwapa wenyeji wake pembe na macho matatu kwa sababu kiumbe wa ajabu alikwisha buniwa hapa, tena kwa sheria. Ukataaji huo una maana, ijapokuwa sanaa yake haikuubeba wote.

Mwaka uleule wa 1995 wanafalaki walitangaza sayari inayoizunguka nyota 51 Pegasi, iliyo kama jua letu. Leo zimethibitishwa zaidi ya 5,000 nje ya mfumo wa jua, na hakuna hata moja iliyothibitika kuwa na uhai. Mtu angetarajia riwaya ya Kiswahili ifuate njia ya umbali. Haikufanya hivyo. Miaka minne baada ya Mkangi, William Mkufya alitoa Ziraili na Zirani (1999), na humo mbingu na jehanamu zimerudi kama maeneo ya vita, tabaka juu ya tabaka, malaika na wote. Mkufya ni fundi mkubwa zaidi wa lugha. Lakini vita vyake vinahitaji juu na chini ili viwepo, na Dzombo alikwisha kuondoka mahali palipokuwa na vitu hivyo.