Heko, Watunza Mbegu wa Gilgil

Vikundi vya wakulima vilivyo chini ya Seed Savers Network, mtandao wenye makao Gilgil, Kaunti ya Nakuru, vinastahili pongezi. Vimeokoa njahi, kunde, mtama na mgagani, mboga iliyodharauliwa kama gugu (leo mahoteli ya Nairobi yanaiuza, tena si rahisi). Shambani ni samadi na mboji. Mbegu hukaushwa vizuri, huchanganywa na majivu dhidi ya fukusi, kisha jirani hugawiwa. Kugawiana huko ndiko kulikohitaji ujasiri: sheria ya mbegu ilitishia faini na kifungo kwa anayeuza au kubadilishana mbegu zisizosajiliwa. Wakulima walikwenda mahakamani, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ikavibatilisha vifungu hivyo. Anayetaka kujiunga na kikundi aje na jembe.