Mkataba Unapouma: Serikali na Mahakama ya Arusha

Novemba 2019 Serikali ya Tanzania ilijitoa katika tamko lake la mwaka 2010, lililowaruhusu raia kuishitaki moja kwa moja mbele ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake hapa Arusha. Hoja yake: tamko lilitekelezwa kinyume na masharti iliyoyaweka.

Tuipime kwa mizani ya fiqhi. Kumrudishia mtu mkataba wake waziwazi, yaani nabdhu, kumetajwa katika Suratul-Anfal aya ya 58, na sababu yake ni kuchelea khiyana. Kwa utaratibu, Serikali haikuvizia. Ilitoa taarifa, na mwaka ukapita kabla ya kujitoa kuanza kazi. Hilo tunalikiri. Lakini khiyana iko wapi? Kuhukumiwa usivyopenda si khiyana. Tarehe 28 ya mwezi uleule Mahakama iliamua, katika kesi ya Ally Rajabu na wenzake, kwamba adhabu ya kifo isiyomwachia jaji hiari yoyote inakiuka haki ya uhai. Na sisi tunajua kuwa hata katika kisasi, warithi wa aliyeuawa wameachiwa mlango wa msamaha.

Huko Hudaybiya, Abu Jandal alifika na minyororo yake, na Mtume (s.a.w.) akamrejesha kwa Maquraishi kwa kuwa sharti lilikwishakubaliwa. Masahaba liliwachoma sana.

Hapa kwetu, Novemba 2020 ilipofika, mfungwa wa Gereza Kuu Arusha aliyemaliza rufaa zake hakuweza tena kupeleka shauri jipya katika Mahakama iliyo jirani yake.