Saa ya Katuni: Ratiba, Soko na Umbo la Hadithi

Uhakiki wetu wa Kiswahili umezoea kuipima katuni ya televisheni kwa swali moja: inamfunza nini mtoto? Mzazi huliuliza, mwalimu huliuliza, na mhakiki, akijaliwa kuligusa jambo hili, huliuliza hilohilo kwa msamiati wa dhamira na maadili. Kwa sababu hiyo tunajua sana kulaumu vurugu na kusifu mafunzo, lakini tunakosa maneno ya kueleza kwa nini hadithi hizo zina umbo zilizo nalo. Kwa nini mhusika hazeeki? Kwa nini balaa la leo husahauliwa kesho? Kwa nini adui hushindwa kila siku na kila siku akarudi? Hayo ni maswali ya fani, na katika katuni za televisheni fani haikuamuliwa na mchoraji peke yake. Saa ya kurushwa hewani nayo iliiamua, pamoja na yule aliyeinunua saa hiyo.

Hoja yangu ni kwamba katuni ya televisheni haiwezi kuhakikiwa sawasawa bila kuhakiki ratiba iliyoibeba. Kwa “fungu la katuni” ninakusudia saa kadhaa ambazo kituo cha televisheni hutenga kwa siku maalumu, kikapanga humo katuni mbalimbali moja baada ya nyingine na kuwauzia wafanyabiashara nafasi za matangazo katikati yake. Nitachukua mfano wa Marekani, kwa kuwa fungu hilo lilikomaa huko, na kwa kuwa katuni zake zimeingia katika nyumba za Waswahili kuanzia Dar es Salaam hadi Muscat na Minneapolis.

Tuanze na umaskini, maana ndio uliozaa mtindo. Mwaka 1957 kampuni ya filamu ya MGM iliifunga studio yake ya katuni. William Hanna na Joseph Barbera, waliokuwa wameiongoza Tom and Jerry tangu 1940 na kuipatia tuzo saba za Oscar, wakafungua studio yao wenyewe na kugeukia televisheni, ambayo ililipa sehemu ndogo tu ya gharama walizozizoea. Ilibidi wapunguze michoro. Mchoraji aliacha kuuchora mwili mzima upya kwa kila mwendo; alichora kinywa, jicho au mkono uliohitaji kusogea, sehemu nyingine zikabaki zilivyo. Tai iliyo shingoni mwa Yogi Bear au Fred Flintstone si pambo tu: inaficha mahali kichwa kilipotenganishwa na kiwiliwili ili kiweze kuchorwa peke yake. Fred akikimbia sebuleni kwake, hupita mbele ya dirisha lile lile tena na tena, kana kwamba nyumba haina mwisho.

Wahakiki wengi wa filamu wameuona upungufu huo kuwa anguko la sanaa. Mimi naona kitu kingine ndani yake. Tom na Jerry walikimbizana kwa dakika saba karibu bila kusema neno, na mtoto wa lugha yoyote aliwaelewa. Mwili ulipoacha kusogea, mzigo wa hadithi uliangukia sauti: mzaha, ubishi, kicheko, namna ya kuita jina. Katuni ya sinema ilikuwa sanaa ya jicho, na ya televisheni ikawa kwa kiasi kikubwa sanaa ya sikio. Inategemea kauli za kurudiwarudiwa, mianzo isiyobadilika na nyimbo za kufungulia, kama mtambaji wa ngano anavyotegemea fomula zake. Jambo hili nitalirudia, kwa kuwa sanaa ya sikio haiwezi kuikwepa hoja ya lugha.

Ratiba nayo ilifanya kazi yake. The Flintstones ilianza Septemba 1960 katika kituo cha ABC, na ilirushwa usiku, saa ambazo familia nzima ilikaa mbele ya televisheni. Mmoja wa wadhamini wake wa mwanzo alikuwa kampuni ya sigara, na wahusika wenyewe walionekana wakivuta katika matangazo. Kwa maneno mengine, katuni haikuwa bado mali ya watoto. Ilifanywa kuwa mali yao katikati ya miaka ya 1960, vituo vilipozihamishia katuni Jumamosi asubuhi, wakati wazazi wamelala, gharama za hewani ziko chini, na wauza nafaka za sukari na midoli wanaitafuta hadhira hiyo hasa. Imani iliyoenea hadi leo kwamba katuni ni utanzu wa kitoto kwa asili yake ilizaliwa na jedwali la vipindi. Ndiyo maana The Simpsons ilipoanza kama mfululizo kamili wa usiku, Desemba 1989, watu waliiona kama jambo geni, ilhali katuni ilikuwa inarudi tu mahali ilipokuwa imewahi kukaa.

Scooby-Doo, Where Are You! iliyoanza katika CBS Septemba 1969 inaonyesha vizuri jinsi shinikizo la nje linavyoweza kugeuka kuwa msuko. Mwaka uliotangulia, kikundi cha wazazi kilichoongozwa na Peggy Charren kilikuwa kimeanzisha huko Massachusetts chama cha Action for Children's Television, na malalamiko dhidi ya katuni za mashujaa wa kupigana yalikuwa yameenea. Kituo kilihitaji hofu isiyo na ngumi. Jibu lake likawa vijana wanne, mbwa mmoja mwoga, na zimwi ambalo mwishoni huvuliwa kinyago na kuonekana ni binadamu mwenye tamaa ya ardhi, dhahabu au urithi. Msuko huo ulirudiwa bila aibu. Hata hivyo, umebeba mtazamo kamili wa dunia: hakuna mzuka, yupo mwenye maslahi anayewatisha majirani ili wahame. Sijui riwaya nyingi za watoto zilizoisema siasa ya ardhi kwa ufupi huo. Nao ulitokana na maafikiano ya ofisini kuhusu kiasi gani cha vurugu kinakubalika.

Miaka ya 1980 iliuweka uhusiano wa soko na hadithi wazi kabisa. Chini ya serikali ya Reagan, Tume ya Mawasiliano ya Marekani ililegeza kanuni zilizokuwa zikizuia kipindi kizima kuwa tangazo la bidhaa. He-Man and the Masters of the Universe ya 1983 ilijengwa juu ya midoli ya Mattel iliyokuwa tayari madukani. The Transformers ikafuata mwaka 1984 kwa midoli ya Hasbro. Katuni hizi ziliuzwa kwa vituo vingi vya mijini ili zirushwe kila siku ya kazi baada ya masomo, na hesabu ya kawaida ikawa sehemu 65: siku tano kwa wiki, wiki kumi na tatu, kisha kurudia.

Hesabu hiyo ndiyo ufunguo wa fani yake. Kituo kilitaka uhuru wa kurusha sehemu yoyote siku yoyote, kwa hiyo hakuna sehemu iliyoruhusiwa kubadilisha kitu ambacho nyingine ingekikuta kimebadilika. Mwisho wa kila hadithi ulipaswa kuirudisha dunia mwanzo wake. Mhusika wa namna hii ni bapa kwa lazima: hawezi kukumbuka, na asiyekumbuka hawezi kujifunza. Ndipo tunapoelewa kwa nini He-Man na wenzake huigeukia kamera mwishoni na kumweleza mtazamaji funzo la siku. Wapo wanaoliona funzo hilo kuwa thamani ya kipindi. Mimi naliona kuwa kiraka. Maadili yaliyoshindwa kukaa ndani ya msuko yameshonwa nje yake, na mhakiki anayehesabu mafunzo tu atakisifu kiraka bila kuliona tundu.

Tundu hilo lilionekana Agosti 1986, filamu ya The Transformers ilipotoka. Optimus Prime, kiongozi wa wema, anakufa katika sehemu ya mwanzo ya filamu. Anakufa kwa sababu midoli ya zamani ilipaswa kuondoka rafuni ili mipya ipate nafasi. Watoto walilia ndani ya majumba ya sinema, wazazi wakalalamika, na mwaka uliofuata mfululizo ukamfufua. Kifo kile kile kilichopangwa kama kuondoa bidhaa, watoto walikipokea kama msiba. Hadhira ilikuwa imejenga ndani ya dunia isiyo na kumbukumbu kumbukumbu yake yenyewe. Nadharia inayomwona mtoto kuwa chombo tupu kinachojazwa matangazo haiwezi kuyaeleza machozi yale.

Katika miaka ya 1990 watayarishaji walianza kuliamini sikio na akili ya hadhira hiyo. Batman: The Animated Series ya 1992 ilichora mandhari zake juu ya karatasi nyeusi, giza likawa sehemu ya maana. X-Men, katika fungu lile lile la Fox Kids, ilidai mtoto akumbuke yaliyotokea wiki iliyopita. Cartoon Network, kituo cha katuni usiku na mchana, kilifunguliwa Oktoba 1992, na Machi 1997 kikaanzisha fungu la Toonami, ambalo baadaye lilileta Dragon Ball Z kutoka Japani. Humo pambano moja liliweza kuchukua siku nyingi, na mtoto akarudi kesho kwa nguvu ya taharuki. Toonami ilikuwa pia na mwenyeji, hatimaye roboti aliyeitwa TOM, ambaye aliwakaribisha watazamaji, akaunganisha hadithi moja na nyingine, akawaaga. Fungu lilikuwa limejipatia mtambaji. Matunda ya mkondo huu yanaonekana katika Avatar: The Last Airbender ya Nickelodeon, 2005 hadi 2008: sehemu 61, mwanzo, katikati na mwisho, na ndani yake mwana wa mfalme aliyefukuzwa, Zuko, anayekosea, akajua, akarudia kosa, kisha akabadilika. Hakuhitaji kuigeukia kamera. Funzo lake limo katika mwenendo wake.

Fungu lenyewe lilikuwa linakufa. Vituo vya saa 24 vililifanya lisihitajike, sheria ya 1990 kuhusu televisheni ya watoto, pamoja na kanuni ya 1996 iliyodai saa tatu za vipindi vya elimu kwa wiki, iliifanya Jumamosi isiwe na faida ya zamani, intaneti ikamalizia. Septemba 2014 kituo cha The CW kilirusha kwa mara ya mwisho Vortexx, fungu la mwisho la katuni za Jumamosi katika vituo vikubwa vya taifa.

Sina sababu ya kuililia saa iliyouzwa kwa wauza sukari. Lakini fungu lilikuwa na mambo mawili ambayo mkondo wa intaneti hauna. Kwanza, lilikwisha. Saa ilifika, michezo au habari ikaanza, mtoto akainuka. Leo sehemu inayofuata huanza kabla ya mtoto kuitafakari iliyopita, na kimya kinachoifuata hadithi, ambamo maana hukaa, kimefutwa. Pili, lilijenga hadhira kwa maana tunayoifundisha katika fasihi simulizi: watu wengi wanaosikia jambo moja wakati mmoja na kulijadili kesho yake. Hata kuhifadhiwa kumekuwa mashakani. Agosti 2022 huduma ya HBO Max iliondoa katuni kadhaa katika orodha yake, Infinity Train ikiwamo, na kazi zilizotarajiwa kupatikana wakati wowote zikageuka ngumu kupatikana.

Mwaka ule ule wa 2014, Ubongo Kids ilianza katika televisheni ya Tanzania. Ni katuni iliyotungwa Dar es Salaam kwa Kiswahili, inayofundisha hesabu na sayansi kwa visa na nyimbo, na watoto waliweza kujibu maswali yake kwa ujumbe mfupi wa simu ya kawaida. Kipengele hicho cha mwisho nakiona muhimu kuliko kilivyosifiwa. Mtambaji anaposema “Paukwa” hutulia apate “Pakawa”. Katuni hii nayo iliacha nafasi ya kujibiwa. Udhaifu wake ni ule wa asili ya kazi za kuelimisha: mara kwa mara kisa husimama ili somo lipite, na nyimbo zina nguvu kuliko msuko. Kwa upande mwingine ipo Tinga Tinga Tales ya 2010, iliyohuishwa Nairobi kwa mtindo ulioanzishwa na mchoraji Edward Tingatinga, ikasimulia ngano za wanyama kwa rangi ambazo mtazamaji wetu anazitambua mara moja. Lakini iliandikwa kwa Kiingereza kwa ajili ya kituo cha watoto cha BBC. Tukikumbuka kwamba katuni ya televisheni ni sanaa ya sikio, tutaona kilichotokea: jicho lilikuwa la kwetu, sikio lilikuwa la wengine.

Kwa sisi tunaolea watoto ughaibuni jambo hili lina uzito wa kila siku. Mtoto wa Muscat au Minneapolis anaweza kuipata katuni ya Kiswahili sasa hivi, kwa simu ya mama yake, jambo ambalo kizazi kilichotangulia hakikuliota. Anachokosa ni saa yake, wenzake wa kuisubiri, na kazi yenye msuko unaomtaka akumbuke. Orodha ya mafunzo hatuna upungufu nayo. Watunzi wetu wana sauti, wana fomula, wana hadhira iliyozoea kuitikia. Wanachohitaji kutoka kwetu wahakiki ni madai magumu zaidi kuliko “inafundisha nini”. Tuwaulize mhusika wao anakumbuka nini kutoka jana, na hadithi yao inaishia wapi.