Vigezo vya Kutambua Pedali ya Breki Iliyorekebishwa Vizuri

Kurekebisha pedali ya breki ni kazi inayodharauliwa katika gereji nyingi, kwa kuwa haihitaji kipuri kipya wala muda mrefu: fundi hujipenyeza chini ya dashibodi na spana mbili, hulegeza nati, huzungusha fimbo inayosukumwa na pedali, na baada ya dakika chache pedali iliyokuwa chini huwa imepanda. Mwenye gari hukanyaga, huridhika na kulipa. Hata hivyo, kupanda kwa pedali si ushahidi wa kazi nzuri, na mara nyingi ndiko kunakoficha kazi mbovu, kwa sababu fimbo hiyo inaweza kuondoa dalili ya ubovu ulioko kwenye magurudumu pasipo kuuondoa ubovu wenyewe.

Mwendo wa pedali huhukumiwa kwa vipimo vitatu. Kimo ni umbali kutoka sakafu ya gari, zulia likiwa limefunuliwa, hadi uso wa pedali isiyokanyagwa. Mchezo ni ule mwendo mdogo wa mwanzo ambao pedali huenda bila kusukuma kitu, kabla fimbo haijaligusa busta, yaani chombo cha duara kilicho nyuma ya masta silinda (silinda inayosukuma mafuta ya breki kwenda magurudumuni) ambacho hutumia ombwe la injini kuuongezea mguu wa dereva nguvu. Akiba ni nafasi inayobaki kati ya pedali na sakafu breki zikiwa zimekanyagwa kwa nguvu. Katika magari madogo ya Toyota, ambayo ndiyo yaliyojaa katika barabara za Afrika Mashariki, mchezo unaokubalika kwa kawaida ni milimita 1 hadi 6, ilhali akiba hupimwa injini ikinguruma, breki ya mkono ikiwa imeachiwa, kwa mkanyago wa nguvu ya kilo 50 hivi.

Fundi anayeijua kazi hutambulikana kabla hajashika spana. Huzima injini na kukanyaga pedali mara kadhaa hadi ombwe liishe ndani ya busta, kisha huisukuma kwa kidole mpaka ahisi ukinzani wa kwanza, na hapo ndipo husoma mchezo kwenye rula. Baada ya hapo huuliza kwa nini pedali imeshuka. Pedali inayopanda kwa mkanyago wa pili huashiria hewa ndani ya mabomba au viatu vya breki za nyuma vilivyo mbali na dramu. Inayobonyea kama sponji ina hewa. Inayozama polepole mguu ukiwa umetulia juu yake hushtaki mipira ya ndani ya masta silinda, iwapo hakuna mafuta yanayovuja nje. Hakuna hata moja kati ya kasoro hizo inayotibiwa kwa kurefusha fimbo, na fundi anayefungua dramu za nyuma kabla ya kugusa pedali anastahili kuaminiwa, hata kama bei yake ni kubwa zaidi.

Hatari ya kurefusha fimbo kupita kiasi inahitaji maelezo. Ndani ya masta silinda mna tundu dogo linalounganisha mabomba na chupa ya mafuta ya breki, na tundu hilo hubaki wazi pale tu pistoni inaporudi hadi mwisho wake. Mchezo ukiondolewa wote, pistoni hairudi kikamilifu, tundu huzibwa, na mafuta yanayotanuka kwa joto hukosa njia ya kurudi kwenye chupa; shinikizo hubaki, pedi huendelea kuikwaruza diski, joto huongezeka, na breki hujikaza zenyewe pasipo kukanyagwa. Gari lililoharibiwa hivyo hutoka gerejini likiwa na pedali ya juu na ngumu, inayopendeza mguu, na huanza kusumbua baada ya kilomita kadhaa. Uthibitisho wake ni rahisi: nati zinazoshika masta silinda kwenye busta zikilegezwa kidogo na magurudumu yakaachia papo hapo, basi fimbo ni ndefu mno.

Swichi ya taa za breki nayo huharibiwa kwa mtindo huohuo. Katika Toyota nyingi za miaka ya 1980 na 1990 ni kama boliti yenye hesi na nati ya kuikaza, ambayo ncha yake hubonyezwa na mkono wa pedali iliyotulia na kukata umeme. Pedali ikiondoka, ncha hutoka na taa huwaka. Kwa kuwa pedali hupumzika juu yake, swichi iliyoingizwa mno huizuia kurudi na kuumeza mchezo, na iliyotolewa mno huziacha taa zikiwaka muda wote, jambo linalomaliza betri na, baya zaidi, linalomnyima dereva wa nyuma ishara ya kusimama. Utaratibu sahihi ni kuirudisha swichi nyuma kwanza, kupanga kimo kwa fimbo, kukaza nati, kisha kuisogeza swichi mpaka iguse kwa wepesi, na mwisho kuupima mchezo upya. Taa ziwake pedali inapoanza kushuka, kabla breki hazijashika. Fundi makini hutazama pia kile kipande cha plastiki kwenye mkono wa pedali kinachobonyeza swichi, kwani kikipasuka kwa uzee taa hazizimiki, na swichi nyingi nzima zimetupwa kwa kosa hilo.

Alama za mikono nazo husema: nati iliyochubuka pembe ilishikwa kwa plaizi.

Mwenye gari asilipe kabla halijaendeshwa kilomita chache na viganja kukaribishwa, bila kugusa, kwenye rimu zote nne. Gurudumu lenye joto kupita la upande wa pili wa ekseli hiyohiyo ni sababu tosha ya kulirudisha gari kwa fundi siku hiyohiyo.