Tia Maji: Uhakiki wa Methali Tatu za Wembe

Methali nyingi za Kiswahili zimezaliwa kazini. Mvuvi ametupa za bahari, mkulima ametupa za jembe na mvua, na kinyozi, ambaye ni nadra kuhesabiwa miongoni mwa walimu wa lugha, ametupa za wembe. Katika insha hii nataka kuzipima tatu katika hizo: Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji, Mtoto akililia wembe, mpe, na Kinyozi hajinyoi. Nazipima si kwa kamusi peke yake, bali kwa wembe, sabuni na maji. Kwa kuwa naona maelezo tuwapayo wanafunzi juu yake yana upungufu, na upungufu huo umetokana na kuisahau kazi yenyewe. Nasema "tuwapayo" kwa sababu mimi nami ni mmoja wa wakosaji.

Kwa miaka mingi niliifundisha methali ya kwanza kama ilivyo desturi. Niliiandika ubaoni, na chini yake nikaandika maana: mwenzako akipatwa na balaa, jihadhari, maana yaweza kukufika nawe. Wanafunzi walinakili, wakajibu mtihani, wakapata alama. Hapana hata mmoja aliyeniuliza maji ni ya nini, wala mimi sikujiuliza. Lau methali ingetaka kusema "jihadhari" tu, ingaliweza kusema "wewe kimbia" au "wewe jifiche." Haikusema hivyo. Ilisema tia maji.

Jibu nililipata nyumbani kwangu Ipagala, jijini Dodoma, baada ya baba yangu kuletwa kukaa nami kwa sababu mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka. Alikuwa amejinyoa ndevu mwenyewe maisha yake yote. Asubuhi moja aliniita akaniambia, "Mwanangu, leo nishikie wembe." Mimi ni mtu wa kunyolewa kwa mashine katika saluni, na kazi ile niliidharau. Nilichukua wembe mpya, nikampaka sabuni kwa kiganja juu ya uso mkavu, nikaanza. Nilipopitisha wembe mara ya tatu damu ilitoka chini ya taya. Hakufoka. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Hukutia maji." Nilikuwa nimeyatamka maneno yale mara mamia mbele ya darasa, siku ile niliyasikia kutoka kwa mtu aliyeyajua.

Na tuanze basi na maji. Unywele wa ndevu ukiwa mkavu ni mgumu, nao huushindania wembe. Ukilowa kwa maji ya vuguvugu kwa muda wa dakika mbili au tatu hunywa maji, hufura na kulainika, na nguvu ya kuukata hupungua sana. Sabuni haifanyi kazi hiyo badala ya maji. Kazi yake ni kuyazuia maji yasikauke, na kuuwezesha wembe kuteleza juu ya ngozi. Apakaye sabuni juu ya uso mkavu, kama nilivyofanya mimi, amevaa koti bila shati.

Mtu akilijua hili, methali hugeuka mbele ya macho yake. Zamani, katika jando na katika misiba, jamii zetu nyingi zilinyoa watu wengi siku moja. Kinyozi alikuwa mmoja, wembe mmoja, na watu wamekaa wakingoja zamu. Aliyekuwa akingoja hakuwa na shaka kwamba wembe ungemfikia. Lililobaki mikononi mwake lilikuwa ni namna utakavyomkuta. Akitia maji mapema hataumia, kazi itakwenda upesi, na makali hayatafishwa na nywele kavu hata wa nyuma yake akateseka. Kwa hiyo maji yale yalikuwa na faida tatu: kwa anyolewaye, kwa kinyozi, na kwa jirani anayefuata. Maelezo yetu ya darasani yameichukua hofu peke yake, yakayaacha matayarisho na adabu. Mtu mwenye hofu huukimbia wembe. Mtu aliyetia maji hukaa akatulia.

Wapo wasemao, Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Naipenda zaidi namna hii ya pili, kwa kuwa neno "zako" lajua hasa kinacholoweshwa: ni nywele. Aliyeisema hivyo alikuwa bado anauona wembe. "Wewe" ni neno la mtu ambaye ameanza kuiona methali kuwa mfano tu.

Yamkini msomaji atanipinga. Atasema kwamba methali ikiisha kukua huachana na kazi iliyoizaa. Maana yake ni ile ambayo watu huitumia, na watu huitumia kuonya. Neno hilo ni kweli, wala sikatai onyo. Ninalokataa ni onyo lisilo na shauri. Methali yenyewe ilitoa vyote viwili: nusu ya kwanza yaonya, nusu ya pili yaeleza la kufanya. Mwalimu anayefasiri nusu zote mbili kwa neno moja, "jihadhari," ameisoma nusu ya kwanza mara mbili.

Hapa Dodoma neno "maji" lenyewe lina mtihani wake. Mji huu kwa miaka mingi umetegemea visima vya Makutupora, kaskazini ya mji, na maji ya ardhini ya nchi hii ya kati aghalabu ni mazito kwa madini. Sabuni ikikutana na maji ya namna hiyo hukataa kutoa povu, huacha utando juu ya ngozi, na wembe hukwama. Baba yangu alilijua jambo hili bila kusoma kemia. Mvua zetu ni za msimu mmoja, tangu mwezi wa Desemba hivi hata Aprili; katika miezi hiyo hukinga maji ya bati na kuyaweka mbali na ya kupikia. Maji ya mvua ni laini, na sabuni kidogo tu hutoa povu jingi. Yakimalizika hutumia ya bomba, lakini huyachemsha kwanza, na sehemu ya chokaa hubaki imeganda ndani ya birika. Basi hata amri fupi kama "tia maji" hapana budi iulizwe: maji gani?

Baada ya kumjeruhi alinionyesha kisanduku chake cha bati. Ndani yake mlikuwa na kishikio cha wembe cha chuma, kizito kidogo, pakiti ya nyembe za makali mawili, brashi ya manyoya, kikombe, sabuni ya kipande, na bonge la shabu. Shabu hupitishwa juu ya uso uliolowa baada ya kunyoa; huikaza ngozi na kuzuia damu ya majeraha madogo. Vyombo hivi si vya anasa, na kila kimoja kina sababu yake. Uzito wa kishikio unafanya kazi ambayo mkono usio na subira hutaka kuifanya kwa nguvu. Brashi huinua nywele zilizolala na kulipeleka povu kwenye mashina yake. Kikombe ni cha kukorogea povu hata liwe zito.

Kutoka kisanduku hicho naiendea methali ya pili: Mtoto akililia wembe, mpe. Tumezoea kuifasiri kwamba mkaidi aachwe aumie ili ajifunze. Ilitungwa na watu walioujua wembe mmoja tu, ule mtupu wenye makali wazi. Kijana wa leo akitamani kuanza kunyoa kwa maji, wembe atakaoulilia aghalabu ni ule wa kukunja, kwa kuwa una sura ya ushujaa. Lakini wembe huo wataka mkanda wa ngozi wa kuunyoosha makali kila siku, wataka jiwe la kunolea, na wataka mkono uliokwisha kufundishwa. Mfaransa Jean-Jacques Perret, mtengenezaji wa visu, aliliona tatizo hilo katika karne ya 18 akaubuni wembe wenye kinga ya mti. Mwaka 1904 Mmarekani King Camp Gillette alipata hataza ya kishikio chenye wembe mwembamba wa makali mawili, ambao ukifa makali hautiwi noo bali hutupwa. Tangu hapo jibu la mtoto si "mpe" wala "mnyime," bali "mpe wenye kinga."

Tena kuna kilio kingine, nacho ni cha watu wazima: kilio cha nyembe nyingi. Mwaka 1971 kampuni ya Gillette ilitoa kishikio chenye nyembe mbili sambamba, na mwaka 1998 chenye tatu. Wembe wa kwanza huuvuta unywele na wa pili huukata chini zaidi, hata ncha ikazama ndani ya ngozi. Kwa nywele zilizonyooka ni raha. Kwa nywele za kipilipili, ambazo ndizo za wengi wetu, ncha ile iliyozama hujikunja na kuota kuelekea ndani, na matokeo yake ni vipele shingoni. Anayesumbuliwa navyo na atumie wembe mmoja, asiivute sana ngozi, wala asinyoe kinyume cha malazi ya nywele.

Na kuna jambo zito kuliko vipele. Methali hii ilifikiri kwamba wembe una makali tu. Tangu mwaka 1983, wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walipotambuliwa mkoani Kagera, tumefundishwa kwamba wembe waweza kubeba damu ya mtu mwingine. Homa ya ini nayo hupita njia hiyo. Jeraha la kidole hupona likamwachia mtoto akili. Maradhi hayafundishi kwa bei hiyo. Kwa hiyo methali hii ina mpaka, na ni wajibu wa mhakiki kuuonyesha: mpe wembe, lakini uwe wake peke yake. Hata kinyozi afungue mpya mbele ya kila mtu. Katika hili methali ya kwanza nayo imeguswa: foleni ya watu wengi na wembe mmoja haifai tena, yafaa maji yake peke yake.

Methali ya tatu, Kinyozi hajinyoi, yafundisha kwamba hata fundi humhitaji mwenziwe. Perret niliyemtaja alitoa kitabu mwaka 1769 ambacho jina lake lajigamba kufundisha sanaa ya mtu kujinyoa mwenyewe. Ni kana kwamba aliisikia methali yetu akaamua kuibishia. Gillette alikuja kumsaidia: mwaka 1903 aliuza vishikio 51 tu, mwaka uliofuata aliuza zaidi ya 90,000. Ulimwengu ukajaa watu wanaojinyoa, na methali ikaonekana imeshindwa.

Kujinyoa kwenyewe si kugumu kwa mwenye subira. Wembe hulazwa kiasi cha nyuzi 30 na ngozi, hupitishwa kwa hatua fupi bila kukandamizwa, kwanza kwa kufuata malazi ya nywele. Anayetaka mara ya pili hupaka povu upya na kupita kwa upande. Shingoni nywele hulala kila moja na njia yake, basi kidole hutangulia kuchungua kabla ya wembe. Haya yote mtu aweza kuyafanya peke yake mbele ya kioo, maadam mikono yake imetulia.

Lakini mikono haitulii milele. Hapo ndipo methali ya tatu inaporudi na kushinda. Perret na Gillette waliwakomboa watu wa katikati ya umri. Mtoto na mzee wangali wakihitaji mkono wa mwingine. Baba yangu, aliyejinyoa maisha yake yote, alihesabiwa miongoni mwa walioishinda methali. Siku aliponikabidhi wembe alikiri kwamba ilikuwa ikimngoja.

Sitaki kuilaumu mashine ya saluni. Huuacha unywele juu kidogo ya ngozi, na kwa mwenye vipele ni rafiki mwema. Ila yafaa tujue kwamba hukata nywele kavu, na kijana aliyekua chini ya mashine hawezi kuijua maana ya "tia maji" kwa uzoefu wa kichwa chake. Sisi tulioisikia methali pamoja na mlio wa brashi kikombeni ndio tunaodaiwa maelezo.

Nami deni langu nimeanza kulilipa. Ubaoni sasa naandika hivi: jitayarishe mapema kwa lile usiloweza kulizuia, ili likikufika lisikuumize kuliko inavyolazimu, wala lisimpe taabu anayefuata. Ni maelezo marefu kuliko ya zamani, na baadhi ya wanafunzi hunung'unika. Nyumbani, siku za kunyoa, naweka birika jikoni kabla baba hajaniita. Naloweka kitambaa, namfunika uso, nasi twangoja dakika zetu tatu bila kusema neno.