Zege Juu ya Vifusi: Alberto Burri na Dai la Kuuhuisha Mji wa Gibellina

Usiku wa kuamkia tarehe 15 Januari 1968, tetemeko la ardhi liliuangamiza mji mdogo wa Gibellina katika bonde la Belice, magharibi mwa kisiwa cha Sicilia nchini Italia. Mji mpya ulijengwa umbali wa kilomita zipatazo 20, na meya wake, Ludovico Corrao, akawaalika wasanii mashuhuri waupambe. Mmoja wao, Alberto Burri, tabibu aliyegeukia uchoraji alipokuwa mfungwa wa vita huko Texas, hakutaka kuweka chochote katika mji huo mpya. Alichagua magofu. Kati ya mwaka 1984 na 1989 vifusi vilikusanywa, vikashindiliwa na kumwagiwa zege jeupe. Yakapatikana matuta yenye kimo cha mita 1.6 hivi, yaliyotenganishwa na njia ambazo kwa kiasi kikubwa hufuata mitaa ya zamani. Pamoja na sehemu iliyokamilishwa mwaka 2015, kazi hiyo, Grande Cretto, inakaribia mita za mraba 80,000.

Aghalabu kazi hii hutajwa kuwa ushahidi kwamba sanaa yaweza kuufufua mji. Dai hilo halisimami. Kilichofanyika pale ni maziko, na ubora wa kazi unatokana na kukubali jambo hilo bila kulificha. Neno sanamu humfanya msikilizaji wa Kiswahili atarajie umbo la kiumbe. Burri hakuchonga kiumbe chochote. Cretto kwa Kiitaliano ni ufa, na aliyelelewa akionywa kuwa asipoziba ufa atajenga ukuta hukuta hapa ukuta uliojengwa ili ufa ubaki. Anayepita kati ya matuta hayo anatembea mahali palipokuwa na mtaa, lakini hapati mlango wa kubisha. Mitaa imehifadhiwa, nyumba zimefungiwa ndani ya zege pamoja na vilivyokuwamo. Hapo ndipo penye nguvu ya kazi, na hapo hapo pana ukatili wake: mwenyeji wa zamani anaweza kuifuata njia ya kwao, ila hawezi kumwonyesha mjukuu kizingiti.

Mji mpya ndio uliopewa jukumu la kuhuisha. Manusura wengi walikaa katika vibanda vya muda kwa zaidi ya miaka kumi wakisubiri makazi. Walipoyapata, walipewa pia barabara pana kupita mahitaji yao, nyota kubwa ya chuma ya Pietro Consagra katika lango la bonde, na kanisa la Ludovico Quaroni ambalo paa lake liliporomoka mwaka 1994, kabla halijaanza kutumika. (Nyota, kwa haki yake, ni kazi nzuri.) Mshauri wa sera anayeitaja Gibellina kama mfano wa kuigwa hana budi kuitaja na miaka ya vibanda.

Katika ukanda wa Maziwa Makuu, Goma inatoa kinyume chake. Mwezi Januari 2002, lava ya mlima Nyiragongo ilifunika sehemu ya mji huo; wakazi waliokimbilia Gisenyi walianza kurejea baada ya siku chache, wakajenga juu ya lava iliyoganda na kuyatumia mawe yake kwa kuta. Kule volkano ilimwaga na watu wakajenga. Gibellina tetemeko lilibomoa na msanii akamwaga. Hakuna aliyemwita mwashi wa Goma msanii, ingawa dai la uhuisho lingemfaa zaidi.

Kwa kuwa Gibellina imeteuliwa kuwa mji mkuu wa sanaa ya kisasa wa Italia kwa mwaka 2026, hali ya zege hilo inapata uzito mpya. Sehemu ya kwanza imekuwa ya kijivu, na majani yamechipua nyufani. Ile ya 2015 ilikuja ikiwa nyeupe. Kuisafisha ya kwanza ili ifanane na ya pili kungefuta miaka 26 ambayo kazi ilibaki nusu, na miaka hiyo nayo ni sehemu ya historia ya tetemeko.