Namna ya Kuipima Timu ya Chuo Iliyofungwa kwa Pointi Mbili

Timu mbili za vyuo vikuu vya Marekani zinapokutana katika mpira wa kikapu, kila moja hupata zamu 65 hadi 70 hivi za kushambulia ndani ya dakika 40. Zamu moja huzaa pointi tatu, mbili au moja, au haizai kitu. Kwa hiyo timu iliyofungwa kwa pointi mbili imezidiwa zamu moja tu, na anayetaka kujua ubora wake hana budi kuzikagua zile nyingine zote kabla ya kuihukumu hiyo moja. Mashabiki wengi hufanya kinyume. Hubishana usiku kucha juu ya mtupo wa mwisho: nani angepewa mpira, kocha angeomba mapumziko au asingeomba, mwamuzi alipaswa kupuliza filimbi au kunyamaza. Ubishi huo ni mtamu, lakini mtupo wa mwisho ndio ushahidi dhaifu kuliko wote uliomo katika mchezo.

Fainali ya ubingwa wa vyuo kwa wanaume ya mwaka 2010 mjini Indianapolis yaonyesha kwa nini. Butler, chuo kidogo cha mji huohuo, walikuwa nyuma ya Duke kwa 61–59 zikiwa zimebaki sekunde 3.6. Gordon Hayward aliukokota mpira hadi karibu na mstari wa kati, akautupa. Uligonga ubao, ukagonga ringi, ukadondoka nje. Ungeingia, Butler wangekuwa mabingwa kwa pointi moja. Lakini sentimita zile chache hazikugusa uwezo wa timu: wachezaji walikuwa walewale, na ulinzi uliowabana Duke ulikuwa uleule. Mwaka uliofuata Butler walirudi fainali bila Hayward, aliyekwisha kwenda NBA. Mtu anayejua kupima angeandika maneno yaleyale kuwahusu, mpira uingie au usiingie. Hukumu inayogeuka kwa sababu ya mdundo mmoja wa mpira kwenye ringi haijawa hukumu bado.

Kazi inayofuata ni kutenganisha mambo yanayojirudia na yale ya siku moja. Mitupo ya pointi tatu huwahadaa watazamaji kuliko jambo lolote jingine. Katika fainali ya 2016 North Carolina walifunga mitupo 11 kati ya 17 ya pointi tatu, kiwango ambacho timu chache hukifikia hata zikicheza bila ulinzi mkali, na bado walifungwa na Villanova 77–74, Kris Jenkins alipoachia mpira wakati saa ikiisha. Mwaka mmoja baadaye walirudi fainali, wakafunga mitupo minne tu ya aina hiyo kati ya 27, wakaishinda Gonzaga 71–65 na kutwaa ubingwa. Aliyewapima kwa kuingia kwa mitupo angesema timu ya 2016 iliwazidi mbali wenzao wa 2017. Mtazamaji makini huuangalia mtupo kabla haujaondoka mkononi: mtupaji ni nani, mlinzi yuko umbali gani, miguu imetulia au inayumba, mpira umetoka ndani kwa pasi au umedundwa sekunde 20 bila mwelekeo. Mtupo mzuri uliokosa ni habari njema kwa timu, na mtupo mbaya ulioingia ni deni litakalodaiwa siku nyingine.

Mtakwimu Dean Oliver, katika kitabu chake Basketball on Paper cha mwaka 2004, aliyapanga mambo yanayoamua mchezo katika mafungu manne: ufanisi wa mitupo, kupoteza mpira, rebaundi za kushambulia na mitupo huru. Aliyapa uzito usiolingana, takriban asilimia 40, 25, 20 na 15 kwa mfuatano huo. Mpangilio huo unafaa sana kuukagua mchezo wa karibu, kwa sababu unamlazimisha shabiki aseme timu yake ilizidiwa wapi hasa badala ya kusema tu kwamba haikuwa na moyo. Timu mbili zikilingana katika mitupo, tofauti imejificha katika mafungu matatu yaliyobaki, na hapo ndipo tabia za kikosi hujitokeza.

Rebaundi ya kushambulia ni tabia ya namna hiyo. Katika nusu fainali ya 2017 dhidi ya Oregon, North Carolina walikuwa mbele kwa pointi moja zikibaki sekunde 5.8. Kennedy Meeks akakosa mitupo huru miwili, lakini Theo Pinson akaupiga mpira nje ukarudi kwa wenzake. Joel Berry akafanyiwa faulo, naye akakosa yote miwili, Meeks akaudaka. Mchezo ukaisha 77–76, na Oregon hawakupata hata nafasi ya kujaribu. Wapo walioita bahati. Ukweli ni kwamba timu hiyo ilikuwa miongoni mwa timu bora nchini msimu mzima katika kuokota mitupo iliyokosa, na kilichotokea katika sekunde zile kilikuwa kazi yao ya kila siku. Kwa upande wa Oregon, hiyo ndiyo namna ya kufungwa inayopaswa kuwahangaisha makocha, maana mwili uliosukumwa chini ya kikapu mara mbili mfululizo utasukumwa tena.

Mitupo huru nayo ina mfano maarufu. Memphis ya kocha John Calipari iliingia fainali ya 2008 mjini San Antonio ikiwa imepoteza mchezo mmoja tu, huku ikifunga takriban asilimia 61 ya mitupo huru, kiwango duni kwa timu ya ngazi hiyo. Ilikuwa mbele ya Kansas kwa pointi tisa zikiwa zimesalia dakika mbili na sekunde chache. Ndani ya sekunde 75 za mwisho Chris Douglas-Roberts na Derrick Rose walikosa mitupo huru minne kati ya mitano, Mario Chalmers akasawazisha kwa mtupo wa pointi tatu zikibaki sekunde 2.1, na Kansas wakashinda 75–68 katika muda wa nyongeza. Hukumu ya haraka husema kasoro ya msimu ilikuja kudai malipo. Ni kweli kwa sehemu tu. Rose na Douglas-Roberts walikuwa na wastani bora kuliko wa timu yao kwenye mstari huo, na Memphis ingechagua wa kutupa, ingewachagua haohao. Kwa hiyo kasoro ya kikosi ilikuwepo, lakini haikuwa ndiyo hasa iliyowaangusha usiku ule. Mpimaji mzuri huyashika yote mawili bila kulazimisha moja limeze jingine.

Mwaka 2025, San Antonio tena, Houston walitoa somo ambalo halihitaji kusubiri msimu mwingine. Jumamosi, katika nusu fainali, walikuwa nyuma ya Duke kwa pointi 14 katika kipindi cha pili, na bado nyuma kwa pointi sita ikiwa imebaki chini ya dakika moja, wakashinda 70–67. Jumatatu, katika fainali, waliongoza dhidi ya Florida kwa pointi 12 katika kipindi cha pili, wakafungwa 65–63. Katika zamu zao mbili za mwisho hawakuweza hata kutupa: kwanza mpira uliwatoka mikononi, kisha Emanuel Sharp akaruka kutupa, akamwona Walter Clayton Jr. wa Florida amemfikia, akauachia mpira udondoke na hakuweza kuugusa tena bila kuvunja kanuni. Kwa siku mbili kikosi kilekile, chini ya kocha Kelvin Sampson yuleyule, kiliitwa kikosi chenye roho ya chuma na kikosi kilichoganda. Hakikuwa kimebadilika. Kilikuwa timu yenye ulinzi mkali sana na mashambulizi yanayopata taabu kuunda nafasi rahisi mpinzani anapokaza, na sura hiyo ilionekana katika michezo yote miwili. Tofauti ni kwamba Jumamosi ulinzi ulitosha.

Kukadiria kikosi ni kazi ngumu kuliko kukadiria mchezo, kwa sababu majina na vimo huziba macho. Msimu wa 2008/09 Connecticut walikuwa na senta Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam mwenye kimo cha mita 2.21, ambaye wastani wake ulikuwa pointi 13.6, rebaundi 10.8 na kuzuia mitupo 4.2 kwa mchezo. Thamani yake haikuwa katika mitupo aliyoizuia peke yake. Ilikuwa pia katika ile ambayo wapinzani hawakuthubutu kuitupa, na katika uhuru wa gadi wa Connecticut, yaani wachezaji wa nje, kumbana mtu huko wakijua kwamba akipita kuna mlinzi nyuma yao. Mchango wa aina hii hauandikwi popote katika jedwali la takwimu, na shabiki anayesoma jedwali pekee humwona senta kama mtu wa pointi 13. Anthony Davis alifunga pointi sita tu katika fainali ya 2012, lakini Kentucky waliwashinda Kansas 67–59 kwa sababu yake kuliko ya mtu mwingine yeyote: rebaundi 16 na mitupo sita aliyoizuia.

Kimo kina mipaka yake vilevile. Februari 2009 Pittsburgh waliwafunga Connecticut 76–68, na DeJuan Blair, mfupi kuliko Thabeet kwa sentimita 20 hivi, aliondoka na pointi 22 na rebaundi 23. Blair alikuwa mpana, mzito wa chini, na alifika mahali pake kabla mpira haujagonga ringi. Kwa hiyo swali la kumpima senta si urefu wake bali ni kama anaweza kulinda nafasi aliyosimama mtu mzito anapomsukuma, na kama timu ina mwingine wa kumsaidia akibebeshwa faulo. Katika vyuo faulo ya tano humtoa mchezaji, moja pungufu ya NBA, na senta anayezuia mitupo huishi karibu na mstari huo wakati wote.

Ndiyo maana benchi huhesabiwa. Machi 2009, katika ukumbi wa Madison Square Garden, Syracuse waliwafunga Connecticut 127–117 baada ya vipindi sita vya nyongeza, na hawakuwahi kuongoza katika vipindi vitano vya kwanza kati ya hivyo. Thabeet alikuwa ameshatolewa kwa faulo. Jerome Dyson, gadi wa Connecticut, alikuwa ameumia goti mwezi uliotangulia. Jonny Flynn wa Syracuse alicheza dakika 67 kati ya 70 na kufunga mitupo huru yote 16 aliyopewa. Mchezo kama huo hupima kitu kimoja tu kwa usahihi: nani bado ana gadi anayeweza kuutunza mpira wakati miguu imekwisha. Kwa timu ya chuo hakuna nafasi nyeti kuliko hiyo. Timu yenye gadi mmoja tu wa kuaminika itaonekana kali Januari, na Machi itaumbuka.

Umri nao umekuwa sehemu ya hesabu. Tangu 2006 kanuni ya NBA imewalazimu vijana kungoja hadi watimize miaka 19, hivyo wenye vipaji vikubwa hupita chuoni kwa mwaka mmoja. Tangu 2021 mchezaji anaweza kuhama chuo bila kukaa nje msimu mzima, na anaweza kulipwa kwa matumizi ya jina na picha yake. Matokeo yake ni vikosi vinavyojengwa upya kila kiangazi, kijana wa miaka 18 akikabiliana na mtu mzima wa miaka 23. Kipaji cha kijana kinaweza kuwa kikubwa zaidi, lakini mwenye miaka 23 amekwisha kuzoea kupokea kiwiko na kutupa bila kuyumba. Kufungwa kwa pointi mbili kwa kikosi cha vijana ni habari tofauti na kufungwa kwa pointi mbili kwa kikosi cha wakongwe, kwa kuwa cha kwanza bado kinakua na cha pili kimefika.

Kwa hiyo anayehitimisha tathmini ya timu iliyofungwa kwa tofauti ndogo huwaandika wachezaji kwa mafungu mawili, wanaobaki na wanaoondoka, kisha huweka mbele ya kila jina kazi aliyoifanya katika zile zamu 70. North Carolina walipofungwa 2016 waliondokewa na Marcus Paige na Brice Johnson, lakini Berry, Meeks, Justin Jackson na Isaiah Hicks walibaki, yaani gadi wa kuuchezesha mpira, mfungaji wa pembeni na watu wawili wa rebaundi. Aliyeisoma orodha hiyo usiku wa kipigo alikuwa tayari na sababu za kutosha za kuiweka timu hiyo miongoni mwa zinazoweza kuchukua ubingwa wa 2017.